Kinachoshika Vioo vya Rangi

  

Leo nataka tuzungumze juu ya kazi ya mikono ambayo wengi wetu tumeiona lakini hatujui hufanywaje. Nasema juu ya madirisha ya vioo vya rangi. Mmeyaona makanisani. Asubuhi, jua likiwa upande wa mashariki, nuru nyekundu na ya buluu humwagika sakafuni, na watoto hujaribu kuishika kwa mikono. Kwa wenzetu wa pwani si jambo geni pia. Kule Unguja, katika jumba la zamani la dispensari lililo karibu na bandari, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1887, vioo vya rangi vimepamba nyumba ya matibabu.

Basi swali ni hili. Je, mtu wa kawaida, asiyesomea ufundi huu, aweza kutengeneza kioo cha namna hii nyumbani kwake? Jibu ni ndiyo, aweza. Hatatengeneza dirisha la kanisa kuu. Lakini aweza kutengeneza kidirisha kidogo, ukubwa wa daftari la mtoto wa shule, akakitundika mahali panapopata jua. Kuna mambo mawili tu ambayo lazima ayajue kabla ya kuanza. La kwanza, kinacholishika dirisha ni kile ambacho watu hawakitazami. La pili, kitu hicho hicho chaweza kuwa sumu nyumbani kwake asipoangalia. Tutayafikia yote mawili.

Kwanza tuelewe dirisha lenyewe ni kitu gani. Wengi hufikiri ni kioo kimoja kikubwa kilichopakwa rangi. Sivyo. Ni vipande vingi, na kila kipande kina rangi yake ndani kwa ndani, tangu siku kilipoyeyushwa. Kioo kikiwa bado kinachemka tanuruni, fundi hutia madini kidogo. Kobalti hutoa buluu iliyokolea. Shaba hutoa kijani, na ikichomwa kwa namna nyingine hutoa nyekundu. Manganisi hutoa zambarau. Hata dhahabu hutumika, kidogo sana, na rangi yake kiooni huwa nyekundu na wala si ya dhahabu. Vile vistari vyeusi vya macho na mikunjo ya nguo mnavyoviona ni rangi maalumu iliyochorwa juu ya kioo, kisha kioo kikachomwa tena katika tanuru hadi rangi ikashikamana nacho. Ndiyo maana mtu akipaka kioo rangi ya kawaida ya dukani, jua la miaka michache humbandulia yote.

Ufundi huu ni wa zamani. Katika karne ya 12, mtawa mmoja aitwaye Theophilus aliandika jinsi ya kuufanya. Alieleza kwamba fundi huchora picha yake nzima juu ya ubao uliopakwa chokaa, kisha huweka kioo juu ya mchoro na kukikata kwa kufuata mistari. Wakati ule walikipasua kioo kwa chuma cha moto. Siku hizi twatumia kisu chenye kigurudumu kidogo, lakini njia ni ile ile: mchoro kwanza, kioo baadaye.

Kule Ufaransa, katika mji wa Chartres, liko kanisa kuu ambalo vioo vyake vingi vilitengenezwa katika karne ya 13. Mwaka 1939, vita vilipokaribia, vioo hivyo viliteremshwa na kufichwa, na baada ya vita vikarudishwa. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu dirisha la namna hiyo limeungwa kwa sehemu sehemu, na kila sehemu yaweza kuondolewa peke yake.

Sasa tuje nyumbani. Ziko njia mbili za kuunga vioo. Njia ya kale ni ya vijiti vya risasi. Nasema risasi kwa maana ya yale madini laini, mazito, ya kijivu. Kijiti chake kina mfereji huku na huku, na kioo huingia katika mifereji hiyo. Njia ya pili ni ya utepe wa shaba. Kila kipande huzungushiwa utepe mwembamba wa shaba ukingoni, halafu vipande huunganishwa kwa lehemu. Njia hii ilipata sifa mwishoni mwa karne ya 19 kupitia kazi za Louis Comfort Tiffany wa New York. Kwa anayeanza, mwenye meza moja na kazi ndogo, mimi nashauri njia ya utepe wa shaba. Chukueni kalamu na karatasi, tuandike vitu vinavyohitajika.

Andika kisu cha kukatia kioo. Andika koleo, jiwe la kunolea, rula ya chuma, na ubao laini wenye misumari midogo. Andika utepe wa shaba wenye gundi upande mmoja. Andika lehemu, dawa ya kulehemu, na chuma cha kulehemu cha wati 80 hadi 100. Kile kidogo cha fundi wa redio huenda kisitoshe, kwa maana shaba hunyonya moto upesi. Mwisho, na usilisahau hili, andika miwani ya kukinga macho.

Kioo utakipata wapi? Nenda kwa fundi wa madirisha uombe mabaki. Kioo cha unene wa milimita 3 chafaa sana. Kile chenye maua maua kinachowekwa katika madirisha ya bafu ni kizuri, kwa sababu huvunja nuru na kuificha sura ya nje. Vya rangi utanunua vichache, ukivichanganya na vyeupe. Lakini usijisumbue na kioo cha dirisha la pembeni la gari. Kile kimekazwa kwa moto kiwandani. Ukijaribu kukikata chote husambaratika kuwa chembe. Na chupa pia, ijapokuwa rangi yake yapendeza, imejikunja. Mwanzo mwachie mwenye uzoefu. Huko Kitengela, kusini mwa mbuga ya Nairobi, msanii Nani Croze alianzisha karakana iliyojulikana kwa vioo vya rangi, na pale kioo kilichokwisha kutumika huyeyushwa na kupewa maisha mapya. Lakini ile ni kazi ya tanuru, si ya meza ya nyumbani.

Haya, tuchore. Chukua karatasi, chora mstatili wa sentimita 20 kwa 25. Ndani yake chora kitu chepesi: jua juu ya kilima, au jani la mgomba. Vipande visizidi 10. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuchora kama wanaochora kwa penseli tu. Kioo kina sheria yake. Hukubali mstari ulionyooka, na hukubali mviringo mpole. Hakikubali kona inayoingia ndani. Ukitaka kipande chenye umbo la herufi L, kitapasuka pale kwenye kona, leo au kesho. Kigawe mara mbili.

Sheria nyingine ni hii. Usiache mstari mmoja unyooke kutoka ukingo mmoja wa kidirisha hadi ukingo wa pili. Mstari kama huo huwa bawaba, na kidirisha chako kitajikunja hapo siku ukikiinua. Acha mistari ikutane na kupishana kama matofali ya ukuta. Mwashi hapangi matofali ili viungo vyote viangukie mstari mmoja, sivyo?

Ukimaliza, tia kila kipande namba, na uandike namba hiyo hiyo katika nakala ya pili. Nakala moja itakatwa, nyingine itabaki mezani kama ramani. Unapokata zile karatasi, punguza kidogo ukingoni, chini ya milimita 1, kwa sababu shaba nayo itataka nafasi.

Sasa kukata. Vaa miwani na viatu vilivyofunika vidole. Tandaza magazeti mezani. Futa kioo kiwe safi. Chovya kigurudumu cha kisu katika mafuta ya taa, simamisha kisu wima, ukanyage kwa nguvu za wastani kutoka ukingo hadi ukingo. Utasikia sauti nyembamba, kama kitambaa kinachochanwa. Sauti hiyo ndiyo inayokuambia kwamba mambo ni mema. Pitisha mara moja tu. Ukirudia mstari huo huo, waharibu kisu na kioo pia. Kwa kweli kisu hakikati kioo. Hukwaruza tu, na mkwaruzo huo ndio unaokionyesha kioo mahali pa kupasukia. Basi kipasue papo hapo. Shika kioo kwa ngumi mbili, vidole gumba juu, mkwaruzo katikati, kisha zungusha mikono kwa nje. Kitaachana. Ikiwa kipande ni kidogo, tumia koleo. Ikiwa mstari umepinda, gongagonga taratibu kwa chini, utaona ufa ukitembea.

Jizoeze kwanza kwa kioo cheupe cha dirisha lililovunjika. Vunja kumi, ishirini. Hakuna hasara hapo. Wazee walisema mwanzo kokochi, mwisho nazi.

Kingo za kioo kipya ni kali kuliko wembe. Zisugue kwa jiwe lililolowa maji. Nasema lililolowa, kwa maana vumbi la kioo si zuri kifuani, na maji hulizuia lisipeperuke. Kisha kila kipande kiweke juu ya ramani yako. Kisipoenea, kisugue tena. Usijidanganye kwamba lehemu itaziba pengo. Pengo likiwa kubwa, lehemu huanguka upande wa pili, na mshono hubaki dhaifu.

Vipande vikikaa sawa, vioshe kwa sabuni, vikauke, kisha uvizungushie utepe wa shaba. Utepe ukae katikati ya ukingo, ili ubaki sawasawa mbele na nyuma. Ukandamize kwa kijiti laini mpaka usiwe na makunyanzi. Kazi hii huchosha, na haina raha ya rangi. Hapo ndipo anayeanza hutamani kukimbia. Lakini utepe uliobandikwa ovyo hubanduka, na kipande hutoka.

Rudisha vipande mezani, uvizungushie misumari midogo ili visisogee. Paka dawa ya kulehemu juu ya shaba, na mahali pa makutano tia tone moja moja la lehemu kwanza, ili yote yashikane. Halafu rudi ujaze mistari yote. Usikawie na chuma cha moto mahali pamoja, la sivyo kioo chaweza kupasuka kwa joto. Geuza kwa uangalifu, ufanye upande wa pili, kisha ukamilishe kingo za nje.

Wasikilizaji wangu, tusimame kidogo hapa, kwa maana tumefika kwenye jambo lisilo la mchezo. Lehemu inayotumiwa sana kwa kazi hii ina sehemu 60 za bati na sehemu 40 za risasi. Risasi ni sumu. Haina harufu, haina uchungu ulimini, na haiumi siku ile ile. Huingia kwa vumbi na kwa mikono michafu inayoshika chakula. Ikiingia katika mwili wa mtoto mdogo hudhuru ubongo wake, na akili ya kujifunza hupungua. Humdhuru pia mtoto aliye tumboni mwa mama yake. Shirika la Afya Duniani limesema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Sisi katika Kenya tumeyaona haya. Katika mtaa wa Owino Uhuru, huko Mombasa, watu walidhurika kwa risasi kutoka katika kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama huko Mombasa iliamua wenyeji walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Lakini fidia hairudishi mtoto alivyokuwa.

Kwa hivyo nawasihi. Mtu asikudanganye kwamba waweza kupata risasi ya bure kwa kuvunja betri ya gari na kuiyeyusha jikoni. Hata mara moja usifanye hivyo. Nunua lehemu iliyo tayari. Na ikiwa nyumba yako ina watoto wadogo au mama mjamzito, nunua ile isiyo na risasi kabisa. Ni ghali zaidi, na huyeyuka kwa joto kubwa zaidi, kiasi cha nyuzi 220 na kitu, ilhali ile nyingine huyeyuka kwa nyuzi 190 hivi. Utazoea tu. Kazi yenyewe ifanyie mbali na jiko na mbali na vitanda, dirisha likiwa wazi, kwa maana moshi wa ile dawa hukera macho na kifua. Usile wala usinywe chai ukiwa kazini. Ukimaliza, futa meza kwa kitambaa kibichi, usifagie kwa ufagio mkavu. Nawa mikono kwa sabuni na maji mengi, na ubadilishe shati kabla ya kumpakata mtoto. Na kidirisha ambacho lehemu yake ina risasi, kitundike juu, pasipofikiwa na mikono ya watoto wala kinywa chao.

Baada ya hapo, osha kidirisha kwa maji vuguvugu na sabuni hadi mafuta ya dawa yatoke yote. Sasa ni kukitundika. Tengeneza pete mbili za waya wa shaba. Usizilehemu mahali popote tu penye ukingo. Zilehemu pale ambapo mshono wa ndani umefika ukingoni. Kwa nini? Kwa sababu ukingo mtupu umeshikwa na gundi ya utepe peke yake, na uzito ukivuta, utepe hubanduka na kioo huanguka. Lakini mshono umeshikana na mshono mwingine, na huo na mwingine, hata uzito umegawanyika kidirisha kizima.

Na sasa narudi kwenye lile neno la mwanzo. Siku nyingine ukiingia katika kanisa lenye madirisha kama haya, usitazame rangi peke yake. Tazama ile mistari ya kijivu. Tazama pia vyuma vinavyokatiza dirisha. Watu wengine hudhani vimewekwa kuzuia wezi. La, aghalabu vimewekwa ili upepo usisukume dirisha likatoka tumbo. Na katikati ya kioo na risasi kuna puti ya chokaa na mafuta iliyosuguliwa kwa brashi, ambayo huzuia mvua isipenye na kuzuia vipande visichezecheze. Risasi nayo huchoka. Baada ya miaka 100 au zaidi, mara nyingi mafundi hulazimika kuitoa yote na kutia mpya, na vioo vile vile hurudi mahali pake.

Mwaona basi. Kioo chekundu kina sifa yake, lakini hakijishiki chenyewe. Kikiachwa peke yake ni kigae kikali cha kumkata mtu mguu. Kimekuwa sehemu ya jua juu ya kilima kwa sababu kuna kitu kisicho na rangi kilichokishika na kukiunga na mwenzake.

Nafikiri juu ya nyumba zetu na makanisa yetu. Tunao wenye sauti nzuri za kuimba, tunao wenye kusema vizuri mimbarini, na twamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini yuko pia mama afikaye saa kumi na mbili asubuhi kufagia kabla ya mtu yeyote. Yuko mzee ashikaye daftari la michango, na hajapoteza hata senti moja. Yuko dada aliyewapatanisha majirani wawili, na hakumwambia mtu. Hawa ndio mshono. Hatuwaoni, kwa sababu macho yetu yameifuata rangi. Tutawajua siku watakapochoka, tutakapoona vipande vinaanza kucheza. Je, si afadhali tuwatazame leo, tuwape mkono na kuwaambia asante? Hata risasi ya Ulaya huangaliwa na kufanywa upya kabla dirisha halijaanguka.

Na wewe utakayejaribu kidirisha chako wiki hii, nakutakia mkono mtulivu. Anza na kioo cheupe kilichovunjika. Chora vipande vichache. Linda macho yako, na linda watoto wako zaidi. Kikiisha, kitundike upande wa mashariki, uamke mapema ukakione.